Kamusi ya Watu Wawili

Prefe, yaani mkuu wa shule yetu ya sekondari hapa Kibua, huleta habari njema kwa sauti ya mtu anayegombeza. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa darasa la sita, mimi nikiwa na chaki mkononi, akanitangazia mbele ya wanafunzi:

"Mwalimu, kule karibu na Mushaki masere wa parokia wanagawanya vitabu vya ule padri muzee mwenye alikufa. Kila shule iko na haki ya kitabu moja. Uende utuchagulie diksionere ya filozofia. Moja, umesikia? Na ikuwe ya maana."

Ndivyo nilivyojua kwamba padri aliyenifundisha filozofia amekufa. Niligeukia ubao nikamalizia sentensi niliyokuwa nimeianza, mwandiko ukaenda mrama, na wanafunzi wakacheka kidogo wakidhani ni usingizi.

Mimi ndiye mwalimu pekee wa filozofia katika shule hii, na nadhani hata katika vijiji vya jirani. Nilipewa somo hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wenzangu ni watu wema. Jioni hukaa barazani wakazungumza mpira, ubovu wa barabara, bei ya kasiterite, yale madini ya bati ya mgodi wa Bisie, na nani tena ameacha kufundisha akaenda huko kutafuta maisha. Nami hukaa nao, nacheka panapochekwa. Lakini nikisema kwamba tangu asubuhi nimekuwa nikijiuliza kama kitu kisichoonekana na mtu yeyote bado kipo, mwalimu wa hesabu hunigusa paji la uso kuona kama nimeshikwa na malaria. Hanidharau, ananipenda kwa namna yake. Ila niseme wazi tangu hapa ili nisisumbue mtu kulitafuta kati ya mistari: nina upweke, na si upweke wa kukosa watu. Ni wa kukosa mtu mmoja.

Mimi ni wa Karuba, kule juu Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Rafiki yangu ni wa mlima wa ng'ambo, kwa watu wa maharage na mihogo. Tangu tukiwa wadogo, maziwa yalitoka kwetu kwenda kwao na maharage yalitoka kwao kuja kwetu, na wabebaji tulikuwa sisi wawili. Tulikutana katikati ya bonde, tukapumzika, tukarudi tumechelewa, tukagombezwa kila mmoja kwao. Tulipofika darasa la sita la sekondari kwa padri yule, tulimaliza mwaka tukiwa na alama sawasawa katika filozofia, juu ya wengine wote. Zawadi ilikuwa moja tu: kamusi nene ya filozofia, ya Kifaransa, jalada la kijani. Padri aliiinua juu ya vichwa vyetu akasema, "Mutagawana."

Nina hakika alifikiri tutapokezana, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Lakini sisi tulikuwa watoto wa mlimani, tulijua kugawana ni kila mtu kurudi kwao na chake. Tuliilaza kamusi juu ya meza ya chumba cha maziwa nyumbani kwetu, yeye akayakandamiza majalada kwa viganja vyote viwili, mimi nikapitisha wembe kwenye mgongo wa kitabu. Baba alitukuta hapo. Hakugomba. Alivitazama vile vipande viwili, akauliza nani anachukua kipi. Cha mbele, A mpaka L, kilikuwa changu. Cha nyuma, M mpaka Z, rafiki yangu alikitaka mwenyewe; alisema ni chepesi, na yeye ndiye mwenye mlima mrefu wa kupanda.

"Basi ni sawa ng'ombe," baba akasema. "Kila mutu anachunga ya mwenzake."

Hapo sina budi kueleza, kwa sababu wenzangu wa huku msituni nao huniuliza. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Mmoja humwachia rafiki. Rafiki anamkamua, watoto wake wanakunywa, ndama wanagawanywa. Jambo hilo lina taratibu zake, na sijaziona zimeandikwa popote. Ukimtembelea rafiki, huulizi habari za ng'ombe. Unauliza watoto, shamba, mvua. Za ng'ombe ataanzisha mwenyewe. Hununui mwingine wa rangi ileile ukamtia zizini mwako wakati yule wa kwanza bado yuko kwa mwenzako, maana hapo utakuwa umetangaza kwamba wako umeshamhesabu amekufa au ameliwa. Na aliyeachiwa akimrudisha mnyama bila kuitwa, pasipo ugonjwa wala ukame, basi amesema urafiki umekwisha. Hakuna anayehitaji kuongeza neno.

Kamusi ya filozofia nayo ina mambo yake. Kamusi ya kawaida unaiuliza neno, inakujibu, mnaachana. Ya filozofia inakujibu nusu, halafu inakutuma: tazama neno fulani. Unakwenda huko, nako unatumwa kwingine, na mwisho unajikuta umerudi ulikoanzia ukiwa na mashaka zaidi. Kwa mwenye kitabu kizima hiyo ni kazi ya kidole tu. Mimi nilikuwa natumwa kwa mtu. Nikifungua absence, kutokuwepo, kamusi inasema tazama présence, kuwepo. Présence iko kwenye P, na P iko ng'ambo ya bonde.

Tulipokuwa bado nyumbani nilishuka bonde nikapanda. Nilipopata kazi Kibua, mwendo mrefu wa moto, yaani pikipiki, kutoka Karuba, tukaanza kutumia simu. Nyuma ya shule kuna kilima kilichofyekwa, na juu yake, kando ya kisiki kimoja, simu hupata mtandao ukisimama vizuri na mvua ikikuonea huruma. Masomo yakiisha nilipanda na nusu yangu kwapani, nikapiga. Rafiki yangu hakuwa na habari ya salamu. Alisema tu:

"Herufi gani?"

"P. Nipatie présence."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa, kuku wa mama yake wakilalamika, kisha sauti yake ikisoma Kifaransa pole pole, akipumzika kwenye kila mkato, kama msomaji wa kanisani anayeogopa kuruka mstari. Akimaliza tulibishana. Yeye alikuwa mtu wa vitu vya kushikika. "Kitu siione, mi naiachaka kwanza," alisema, na hapo hata wanafilozofia wote wa kitabu kile wangepiga magoti asingesogea. Nilimwita mkulima wa mawazo. Yeye aliniita mchungaji wa mawingu. Unite, yaani salio la simu, ziliisha katikati ya ubishi, tena kila mara zilimalizika wakati yeye ndiye anashinda, nikashuka kilima nikijibu peke yangu kwa sauti mpaka wachimbaji waliokuwa wakipita kwenda upande wa Bisie wakanipisha njia. Nilikuwa na furaha sana wakati huo. Sikujua ndiyo furaha yenyewe. Nilidhani ni maandalizi ya somo.

Kisha kukaja kipindi cha kukimbia vita, kama kijavyo kwetu. Mlima wa kwao ulihama kwanza, wa kwetu ukafuata. Baba alirudi Karuba na ng'ombe wachache waliobaki; ng'ambo nyumba nyingi zilibaki zimefungwa. Namba ya rafiki yangu ikawa inaitikiwa na yule mwanamke wa kwenye simu anayesema kwa Kifaransa safi kwamba mtu unayemtafuta hapatikani. Nilipanda kilima mara nyingi kumsikiliza yeye. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu, na hakuwa amenikosea lolote.

Nikaendelea kufundisha filozofia ya A mpaka L. Si mzaha. Tulikaa sana kwenye liberté, uhuru, wanafunzi wangu wanaijua kwa pande zote. Kuhusu mort, kifo, iliyo kwenye M, niliwaambia tutafika. Ningeweza kutafuta kamusi nyingine. Wafanyabiashara wanaokwenda Goma wangeniletea. Prefe alinishauri hivyo zaidi ya mara moja. Nilimjibu kwamba ninayo kamusi, ila sehemu yake iko kwa mwenzangu. Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mjane anayeendelea kupakua sahani mbili.

Basi nikapanda moto kwenda Mushaki. Dereva alikuwa mtu wa kimya na nilimshukuru. Tulitoka kwenye matope na miti iliyofunga anga, tukaanza kupanda, na baada ya Masisi-centre hewa ikabadilika, nyasi zikaanza, ng'ombe wakaonekana wamesimama mteremkoni. Kila nikifika hapo humwomba dereva apunguze mwendo. Watu wa msituni hunicheka kwamba nalilia majani.

Vitabu vilikuwa vimepangwa juu ya meza za chumba cha kulia cha masere, wale watawa wa kike wa parokia. Masere aliyekuwa akisimamia alikuwa na aproni na kalamu sikioni, mkali, mwenye haraka.

"Karibu, Mwalimu. Kitabu moja kwa shule moja. Usinilie machozi uongezewe ya pili, wa mbele yako wamejaribu."

Kamusi za filozofia zilikuwa tatu. Nilivuta kiti nikakaa nazo. Nina hakika nilikaa muda wa kumkera mtu.

Kuchagua kamusi ya filozofia hakuna anayekufundisha. Kwanza mimi huinusa. Huku Walikale, iliko Kibua, unyevu ndio bwana mkubwa. Karatasi nzito ya kung'aa itashikana mpaka kitabu kiwe ubao, na gundi mbaya itawakaribisha mchwa. Halafu natafuta neno ninaloliogopa, nione kama kitabu nacho kinaliogopa. Kisicho na woga wowote sikiamini. Halafu naangalia kama kimepanga mawazo au kimepanga watu, maana vile vya watu hukueleza nani alizaliwa wapi akafia wapi, na wewe ulikuwa umekuja na swali. Mwisho natazama zile "tazama" zake. Kamusi isiyokutuma popote inadhani kila neno linaishi peke yake katika nyumba yake na mlango umefungwa.

Ya kwanza ilikuwa ya majuzuu mawili, karatasi ya kung'aa, majina ya watu tu, na mmoja kati ya wale wanafilozofia wenye ndevu alikuwa amepewa kurasa nyingi kuliko liberté. Niliiweka kando. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya wanafunzi, neno moja na mistari miwili ya maelezo, herufi kubwa zinazosomeka hata kwa taa dhaifu. Haikuwa na "tazama" hata moja. Ya tatu ilikuwa na jalada la kijani.

Nilijua ni ipi kabla sijaigusa. Ilikuwa ya padri mwenyewe, ndugu ya ile tuliyoikata, mgongo wake mzima. Nilifungua P. Ukurasa ule sikuwahi kuuona kwa macho yangu. Nilikuwa naujua kwa sikio tu. Nilishangaa kwamba ni mfupi. Kwenye simu ulikuwa mrefu sana kwa sababu ya kuku na mikato na vituo vya kuvuta pumzi. Nilianza mstari wa kwanza, nikasikia sauti yake, nikafunga kitabu.

Masere akaja akasimama nyuma yangu.

"Hii njo ya maana, Mwalimu. Padri alikuwa anaipendaka sana. Alikuwa anasema kuko wanafunzi wake wawili wenye aliachiaka kitabu sawa hii."

"Waliikata," nikasema.

"Alijua. Alichekaka siku nzima." Akaisukuma kwangu. "Beba."

Ningeibeba. Mwili wote uliitaka. Lakini ningeiweka wapi? Juu ya meza yangu Kibua, kando ya nusu yangu? Kila mtu wa kwetu angeelewa maana yake, hata mimi mwenyewe, kila asubuhi nikiamka: nimenunua ng'ombe wa rangi ileile, nimeshamhesabu yule mwingine amekwenda. Rafiki yangu angetokea siku moja mlangoni na nusu yake kwapani, aikute nzima mezani, aulize nilingoja muda gani. Najua kitabu si ng'ombe. Nimesoma A mpaka L, najua kutofautisha vitu. Lakini moyo haukusoma nami.

"Nachukua hii," nikasema, nikaishika ile nyembamba.

"Hii ya watoto?"

"Wanafunzi wangu njo watoto, Masere. Herufi iko kubwa."

Alinitazama, akaandika jina la shule, akaichukua ile ya kijani akairudisha katikati ya meza, na kabla sijafika mlangoni mwalimu wa shule nyingine alikuwa ameshaikumbatia. Nilitoka nikiwa nimejivuna na nikitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Toka hapo Karuba si mbali, na nisingeweza kupita bila kumsalimia baba. Nilimkuta nje, amekaa kwenye kigoda chake, anawatazama ng'ombe ambao hawakuhitaji kutazamwa. Alifurahi kuniona kwa namna yake, yaani alisema nimekonda. Akanipa maziwa kwanza. Kwetu neno lenye uzito halitolewi kwa mtu ambaye hajanywa, na nilipoona kikombe kimejaa mpaka ukingoni nilianza kuogopa.

Nilipomaliza aliingia ndani akarudi na kifurushi. Kilikuwa kimefungwa kwa kitenge kilichofuliwa kikanyooshwa, na juu yake kamba ya mpira wa tairi la baiskeli. Nilikijua kwa uzito kabla ya kukifungua.

"Mama ya mwenzako alipita huku," baba akasema. "Alikuya kuangalia shamba yake ya maharage. Nilimupatia maziwa, akakunywa. Alisema mutoto wake iko Uganda. Iko na kazi, iko na afya, anaishi muzuri. Alisema mutoto amemutuma arudishe hii."

Yu hai. Kitu cha kwanza kilikuwa hicho, na nitakuwa mwongo nikisema kulikuwa na kingine kwa kitambo kidogo. Yu hai, ana afya, ana kazi. Nilicheka mbele ya baba kama mwehu. Kisha nikaona baba hacheki. Alikuwa akizungusha kikombe changu kitupu mkononi, hanitazami.

"Kulikuwa ugonjwa?" nikauliza. Nilijua swali langu ni la kipuuzi. Ni swali linaloulizwa ng'ombe akirudishwa.

"Hapana."

"Nani alimuita airudishe?"

"Hakuna mutu alimuita, mutoto wangu."

Hasira ilinipanda. Nilikuwa nimetoka kuiacha kamusi nzima kwa ajili ya mtu huyu, na yeye kumbe alikuwa ameshafunga mlango, tena kwa mkono wa mama yake, hata bila kusema kwa mdomo wake. Nilitaka kukirusha kile kifurushi kwenye samadi. Nilikishika tu.

"Aliacha namba," baba akasema baadaye. "Iko mu simu yangu. Alisema uandike. Mimi sikupiga. Si yangu ya kupiga." Akaniwekea fromaji, ile jibini yetu, kwenye mfuko kwa ajili ya njiani, kipande kikubwa mno, akakifunga na kukifungua na kukifunga tena.

Nilirudi Kibua na kamusi ya watoto, nusu ya nyuma, na fromaji. Prefe aliipima ile nyembamba mkononi, akauliza kama masere walikuwa wamebakiwa na hiyo tu. Nilimwambia herufi ni kubwa. Wanafunzi waliipenda, wananakili kutoka humo mpaka leo, na katika mtihani wa taifa mistari miwili iliyo wazi inaokoa watu wengi kuliko kurasa saba zenye mashaka. Kwa hiyo shule haikupunjwa. Aliyepunjwa alikuwa mtu mmoja, na alikuwa amejichagulia.

Kile kifurushi sikukifungua. Nilikiweka juu ya meza kando ya nusu yangu, na kila nikipita nilikitupia jicho baya. Sasa nilikuwa na kamusi nzima, A mpaka Z, kitu nilichokitamani tangu ujana wangu, na sikujua la kuifanyia.

Kisha ikafika siku ya kutayarisha somo kuhusu kutokuwepo. Nilisoma absence mpaka mwisho, nikakuta ile "tazama" ninayoijua, na miguu yangu ikainuka yenyewe. Nilivaa buti, nikachukua nusu yangu kwapani, nikatoka. Nilikuwa nimepita nyumba ya mwalimu wa hesabu nilipokumbuka kwamba P iko ndani, juu ya meza. Nilisimama njiani. Nilirudi nikakichukua kile kifurushi kama kilivyo, kimefungwa, nikapanda kilima na vyote viwili. Nilijiambia naenda kumtolea maneno yake, nimalize.

Simu iliita sana. Nyuma ya sauti iliyojibu kulikuwa na kelele za gari na watu.

"Allo? Nani?"

Hakusema herufi gani.

"Ni mimi," nikasema. "Wa Kibua."

Akapiga kelele ya furaha ambayo mtu hawezi kuigiza. "Kaka! Uko muzima? Simu ilipoteaka na namba zote, kaka, hata ya mama nimeipata juzi tu. Uliona kitabu?"

"Niliiona. Kwa nini uliirudisha?"

"Sasa ningeiacha? Ilibakiaka mu mizigo ya mama, mvua, panya. Nikamuambia aifue ile kitenge, aifunge vizuri, aipeleke kwenu. Kitu ya mutu ukiona haiko tena na kazi mu mikono yako, unamurudishia nayo ingali muzuri. Njo heshima. Ao kwenu si vile?"

"Kwetu si vile," nikasema.

Nilikaa kwenye kisiki. Tumepelekeana maziwa na maharage utoto mzima, na sikuwahi kujua kwamba kwa watu wa kulima jembe la kuazima hurudishwa likiwa limeoshwa, na kwamba hiyo ndiyo namna yao ya kusema nimekukumbuka. Yeye naye hakujua letu. Hasira yote ikanitoka. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia juu ya padri, juu ya ile ya kijani, juu ya masere na kalamu yake.

"Mi nilifikiria utafurahi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Sasa uko nayo yote. Hautapandaka tena kile kilima na mvua juu ya mimi."

Kilima kile. Nilikipanda miaka yote ile na sikuwahi hata siku moja kukihesabu kuwa taabu.

"Herufi gani?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Herufi gani, kaka. Uniulize."

Nikasikia mtu akimwita kwa lugha nisiyoijua, naye akimjibu kwa lugha ileile, haraka, kama mwenyeji. "Kaka, niko ku kazi," akasema. Kisha akashusha sauti: "P. Unisomee P."

Nilifungua ile kamba ya mpira. Kitenge kilinukia sabuni. Nikafunua P, nikasoma présence kwa sauti, pole pole, nikipumzika kwenye kila mkato jinsi alivyokuwa akinisomea yeye, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuusoma ukurasa ule. Niliusoma wote. Nilipofika mwisho nilingoja anipinge.

Simu ilikuwa imekatika. Sijui ilikatika kwenye mstari gani, wala alinisikia mpaka wapi. Nilipiga tena nikamkuta yule mwanamke wa Kifaransa.

Nilibaki nimesimama kando ya kisiki, mvua ikianza, kitabu kizima kifuani. Hoja yangu ilikuwa tayari, na hakukuwa na wa kuipinga. Basi nikasema mimi mwenyewe, kwa sauti yake, "Kitu siione, mi naiachaka kwanza." Nikangoja kidogo, nikaanza kujibu.